Kwa nini utoboe supakondakta unayotaka iwe sumaku kali?

*Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne wilayani Arumeru. Niliwaonyesha wanafunzi video ya kipande cheusi cha supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa sana) kikielea juu ya sumaku huku kikifuka ukungu wa nitrojeni. Nikawaeleza kwamba kipande hicho chenyewe kinaweza kugeuzwa sumaku yenye nguvu kuliko zile za spika. Binti mmoja alikuwa amesoma kwamba siku hizi vipande hivyo hutobolewa matundu, na vingine hutengenezwa kama sponji kabisa. Akauliza: ukitoboa si unapunguza nguvu? Sikuwa na jibu. Na je, sumaku hizi zingefaa kwenye jenereta ndogo za huku kwetu? Tunaweza kufanya jaribio lolote darasani?*

Mwalimu, mwambie huyo binti kwamba hesabu yake ni sahihi. Ukitoboa, unapunguza. Kila tundu ni mahali ambapo umeme haupiti, na sumaku ya aina hii haina chanzo kingine cha nguvu isipokuwa umeme unaozunguka ndani yake. Kama kipande kizima kingefanya kazi kama hesabu zinavyosema, hakuna ambaye angekigusa kwa drili. Shida ni kwamba kipande kinene kisicho na tundu mara nyingi hakifikii nguvu yake. Kiini chake hakijaiva, au kinapasuka, au kinashikwa na joto la ghafla na kupoteza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Matundu ni njia ya kuingiza ndani vitu vitatu: oksijeni, baridi na gundi. Unatoa kidogo ili kilichobaki kifanye kazi yote. Kwenye sponji mambo hubadilika, maana hapo hutoi kidogo, unatoa karibu chote. Nitafika huko.

Kwanza nieleze kauri, yaani kile kipande cheusi, inavyogeuka sumaku, kwa kuwa mtaala wa sekondari hauingii humo.

Sumaku ya kawaida, iwe ya chuma au ya neodimiamu, hupata nguvu kutoka kwa elektroni za atomi zake zilizoelekezwa upande mmoja. Kwa hiyo ina kikomo. Sumaku bora za neodimiamu hubaki na takriban Tesla 1.4 ndani yake (Tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), na ukipima juu ya uso wake mara nyingi utapata karibu nusu Tesla. Huwezi kuongeza, kwani atomi zote zimeshageuka. Supakondakta haifungwi na kikomo hicho, kwa sababu nguvu yake inatokana na mkondo wa umeme unaozunguka bila ukinzani. Ukiuanzisha, unaendelea wenyewe bila betri.

Jambo hili lilionekana mara ya kwanza mwaka 1911 huko Leiden, Uholanzi, pale Heike Kamerlingh Onnes alipopoza zebaki hadi Kelvini 4.2, nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, na kuona ukinzani wake umetoweka. Kwa miaka 75 supakondakta zikabaki mateka wa heliamu oevu, ambayo ni ghali na haishikiki kirahisi. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakiwa maabara ya IBM karibu na Zürich, wakagundua hali hiyo kwenye oksidi ya shaba yenye lanthanamu na bariamu, kwa halijoto ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka uliofuata kundi la Maw-Kuen Wu na Paul Chu, Marekani, likaweka yitriamu mahali pa lanthanamu na kufika Kelvini 93 hivi. Nitrojeni oevu huchemka kwa Kelvini 77, yaani nyuzi 196 chini ya sifuri. Kuanzia hapo baridi ya kutosha ikawa kitu cha kukamuliwa kutoka kwenye hewa tunayovuta. Kipande cheusi cha kwenye video yako karibu kwa hakika ni oksidi hiyo ya yitriamu, bariamu na shaba.

Vitabu husema supakondakta hufukuza uga wa sumaku. Ni kweli kwa uga dhaifu. Uga ukizidi kiasi fulani, supakondakta za kundi hili huuruhusu uingie katika mirija myembamba sana, kila mmoja ukibeba kiasi kilekile cha uga. Alexei Abrikosov alilieleza hilo mwaka 1957. Kama kauri ingekuwa safi kabisa, mirija ingeteleza ndani na nje bila kizuizi, na usingepata sumaku. Ila kauri yetu ina uchafu: chembechembe za kemikali nyingine, mikwaruzo, sehemu zilizokosewa. Mirija hunasa hapo. Ukipoza kipande kikiwa ndani ya uga mkali, kisha ukauondoa ule uga wa nje, mirija iliyonasa inabaki, na mkondo unazunguka kuilinda. Tayari una sumaku. Ndiyo maana pia kipande cha kwenye video hakianguki pembeni wala hakipinduki: mirija imekishikilia mahali pake. Katika fani hii, unaona, uchafu uliowekwa kwa ustadi ni mali.

Nguvu yake inahesabika. Charles Bean alitoa kanuni mwaka 1962 ambayo wanafunzi wa kidato cha nne wanaiweza. Kwa silinda ndefu, uga wa katikati ni µ₀ (namba isiyobadilika ya sumaku, 4π × 10⁻⁷) mara msongamano wa juu wa mkondo mara nusukipenyo. Kauri nzuri iliyo kwenye nitrojeni hubeba ampea 10,000 hivi kwa kila sentimita ya mraba, sawa na 10⁸ kwa mita ya mraba. Nusukipenyo kiwe sentimita 1. Zidisha: Tesla 1.26. Kipande halisi ni kifupi, kwa hiyo kitatoa pungufu kidogo, ila Tesla 1 ndani ya nitrojeni hupatikana kweli maabara. Mashine nyingi za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini, zina Tesla 1.5.

Tazama tena kanuni. Kuna vitu viwili tu: mkondo, na ukubwa wa duara unalozunguka. Sasa chukua kauri iliyookwa kama chungu, yenye fuwele ndogondogo zilizoelekea kila upande. Mwaka 1988 watafiti wa IBM walionyesha kwamba fuwele mbili zikipishana kwa nyuzi kama 10, mkondo unaovuka mpaka wao hushuka vibaya sana. Hivyo mkondo unabaki umefungiwa ndani ya kila fuwele. Weka nusukipenyo cha maikromita 10 kwenye hesabu ileile na utapata Tesla 0.0013 hivi, chini ya sumaku ya kubandika karatasi kwenye friji. Kemikali ni ileile na rangi ni ileile, ila haifai kitu.

Kwa hiyo anayetaka sumaku lazima aoteshe fuwele moja kubwa. Unga hushindiliwa uwe kidonge, hupashwa moto kupita nyuzi 1,010 za Selsiasi mpaka uyeyuke nusu, na juu yake huwekwa mbegu, kipande kidogo cha fuwele ya aina nyingine inayostahimili joto zaidi. Kisha tanuri hupoozwa polepole mno. Fuwele huanzia kwenye mbegu na kutambaa kwenda chini na pembeni, sehemu za milimita kwa saa, ikifuata mpangilio wa mbegu. Ukiharakisha, fuwele ngeni zinaota pembeni na kazi yote imeharibika.

Umepata kidonge chako. Mambo matatu sasa yanakusubiri.

La kwanza ni oksijeni. Fomula ya kauri hii ni YBa₂Cu₃O₇, na ile 7 ndiyo yenye kazi. Ikitoka kwenye tanuri la kuoteshea, oksijeni iliyomo inakaribia 6, na katika hali hiyo si supakondakta kabisa. Inabidi irudishwe kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 huku oksijeni ikipitishwa juu yake, iingie taratibu. Muda wa kupenya gimba hukua kwa mraba wa umbali. Kidonge chenye unene wa milimita 20 kina milimita 10 kutoka usoni hadi katikati. Kikitobolewa matundu yaliyoacha kuta za milimita 2, umbali wa mbali kabisa unakuwa milimita 1. Umbali umepungua mara 10, muda umepungua mara 100. Mpe binti hesabu hiyo, ataona yeye mwenyewe kwa nini mtu anashika drili. Halafu kuna lingine: oksijeni ikiingia, fuwele hujikunyata kwa upande mmoja. Ngozi ya nje ikishajikunyata wakati kiini bado, nyufa haziepukiki. Na katika kipande kinene ni nyufa hizohizo zinazokuja kuwa barabara ya oksijeni kufika ndani. Ni afadhali njia uchague mwenyewe kuliko kuuachia ufa ukuchagulie.

La pili ni nguvu ya sumaku yenyewe kuipasua kauri. Mkondo ulio ndani ya uga husukumwa, na hapa unasukumwa kuelekea nje, kama presha. Presha hiyo ni mraba wa uga gawanya kwa 2µ₀. Tesla 1 inatoa kama kilo 4 kwa sentimita ya mraba, si kitu. Tesla 17 inatoa zaidi ya megapaskali 110, wakati kauri hii ikivutwa huvumilia makumi machache tu. Mpaka leo kinachozuia sumaku hizi kupanda zaidi katika baridi kali ni kauri kukatika. Mkondo bado unao wa kutosha.

Hapa pana kisa ambacho huwa nakisimulia kila nikiulizwa kuhusu matundu. Mwaka 2003 Masaru Tomita na Masato Murakami wa Japani walitangaza kunasa Tesla 17.24 kwa Kelvini 29, katikati ya vidonge viwili vya kauri ya yitriamu vyenye kipenyo cha milimita 26.5. Vidonge vya aina hiyo vilikuwa vikipasuka kabla ya kufika huko. Walifanyaje? Walivitoboa. Tundu jembamba katikati, wakapitisha waya wa alumini, wakamimina aloi inayoyeyuka kwa joto dogo ya bismuthi, risasi, bati na kadimiamu ijaze nafasi zote, na kidonge kizima wakakinywesha gundi ya epoksi iliyopenya nyufa na vinyweleo vidogo vya kauri. Gundi ilishikilia kauri isifunguke, na waya ukatoa joto katikati. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 10, na ilipovunjwa mwaka 2014 na kundi la Cambridge chini ya John Durrell na David Cardwell, ilivunjwa kwa kiasi kidogo tu: Tesla 17.6 kwa Kelvini 26. Wao walitumia kauri ya gadoliniamu iliyochanganywa na fedha, wakaibana kwa pete ya chuma cha pua iliyovalishwa ikiwa moto, ikapoa na kukaza. Kwa maoni yangu pete ni njia safi zaidi kwa vidonge vidogo. Kwa vikubwa bado nina imani na tundu na gundi, kwa sababu pete inabana kwenye ukingo ilhali mvutano mkubwa uko katikati.

La tatu ni joto. Kadiri unavyopoza zaidi ili kupata mkondo mkubwa, ndivyo kauri inavyobaki na uwezo mdogo wa kumeza joto bila kupanda halijoto. Mirija michache ikiponyoka, inazalisha joto. Joto linalegeza mingine, nayo inaponyoka. Kwa kufumba na kufumbua sumaku imekwisha. Kauri hupitisha joto vibaya. Ukiwa na matundu yaliyojazwa metali, joto linapata pa kukimbilia. Matundu matupu yanayopitisha nitrojeni husaidia pia, mradi yasiwe membamba kupita kiasi, maana mvuke ukikwama ndani kimiminika hakiingii tena.

Ufaransa, watafiti wa Caen na Grenoble walilifanya wazo hili kuwa mbinu kamili. Wakiongozwa na watu kama Jacques Noudem na Xavier Chaud, walitoboa kidonge kikiwa bado unga ulioshindiliwa, safu za matundu madogo yaliyopangwa, ndipo wakaotesha fuwele. Jambo la kufurahisha ni kwamba fuwele huyapita matundu bila kupoteza mwelekeo wake. Hukua kuyazunguka na kukutana upande wa pili ikiwa bado fuwele moja. Oksijeni ikaingia kwa urahisi, nyufa zikapungua, na vidonge hivyo viliweza kunasa uga zaidi ya vizima vya ukubwa uleule. Hilo ndilo jibu la moja kwa moja kwa swali la darasa lako. Kipande chenye nyama pungufu kilishinda kwa sababu nyama iliyobaki ilikuwa imeiva yote.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Si kila uwazi ni rafiki. Kauri hii ikiyeyuka hutoa gesi ya oksijeni, na gesi hiyo huacha mapovu yaliyofungwa ndani ya fuwele. Hayaingizi hewa wala gundi, kwa kuwa hayana mlango, na ufa hupenda kuanzia hapo. Vinyweleo vyenye faida ni vile vilivyo wazi, vinavyotoka upande mmoja hadi mwingine kama matundu ya mkate wa kumimina.

Sasa sponji. Mwaka 2002 Sudhakar Reddy na Georg Schmitz, wakiwa Aachen, Ujerumani, walionyesha namna ya kuitengeneza, nami hadi leo naona ni ufundi wa kupendeza. Unachukua sponji ya poliurethani, jamii ileile ya godoro. Unaichovya kwenye uji wa kauri nyingine, yenye rangi ya kijani, Y₂BaCuO₅. Unaichoma: sponji inaungua na kupotea, kinabaki kiunzi cha kijani chenye umbo lake. Kisha unakigusisha na mchanganyiko wa oksidi za bariamu na shaba unaoyeyuka, na ule uoevu unanyonywa ndani ya nyuzi zote za kiunzi. Unaweka mbegu, unapoza polepole, na kijani kinageuka cheusi hatua kwa hatua kuanzia kwenye mbegu. Chembe za kijani zinazobaki bila kugeuka ndizo zile za kunasia mirija. Na kwa kuwa uoevu umenyonywa badala ya kauri kuyeyuka yenyewe, nyuzi hutoka zimeshikana, zikiwa na mapovu machache. Uwazi mkubwa uko nje ya nyuzi, ndani ya nyuzi kauri imejaa.

Oksijeni inaingia kila mahali bila shida. Baridi vilevile. Uzito unashuka mno, na hili si dogo, maana kauri ngumu ina gramu 6.4 kwa kila sentimita ya ujazo. Lakini rudi kwa Bean. Tuseme sponji ina uwazi wa asilimia 80. Hata kama kila uzi ungebeba mkondo kikamilifu, wastani wa mkondo kwenye eneo lote ni sehemu moja ya tano, na uga unashuka kutoka Tesla 1.26 hadi robo Tesla. Na nyuzi hazibebi kikamilifu, kwa sababu umeme hauna njia iliyonyooka. Unapanda, unashuka, unazunguka kona. Kwa hiyo robo hiyo ni dari ambayo hutaigusa. Neodimiamu ya bei rahisi inakushinda hapo.

Watetezi wa sponji, na mmojawapo ni Michael Koblischka aliyezifanyia kazi nyingi Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, wana jibu lao, na nalipa uzito. Kanuni ina mkondo na ina nusukipenyo. Kidonge kigumu ni vigumu kukikuza kupita sentimita chache bila kukosa oksijeni na kupasuka. Sponji haina tatizo hilo, kwa hiyo mkondo mdogo unaweza kufidiwa na upana. Nusukipenyo kikiwa sentimita 5 badala ya 1, ile Tesla 1.26 inarudi kwenye karatasi, safari hii ikiwa imetanda kwenye eneo pana na kwa uzito mdogo. Ndiyo maana hutajwa kwa vyombo vya angani, ambako kila gramu inalipiwa na baridi nje ni ya bure, kwa kazi kama ya vyombo viwili kushikana bila kugusana. Na kazi iliyofikiriwa tangu mwanzo kule Aachen ilikuwa tofauti kabisa na sumaku: vidhibiti vya kukata mkondo wa hitilafu kwenye gridi ya umeme, ambako supakondakta inatakiwa ikizidiwa ipate ukinzani mara moja, halafu ipoe haraka na kurudi kazini. Hapo sponji iko nyumbani hasa. Mimi kama ningepewa fedha za kutengeneza sumaku kali leo, ningetoboa kidonge na kukijaza gundi. Sponji ningeiwekea kazi hizo nyingine. Fuwele moja ya upana huo, iliyooteshwa ndani ya sponji kutoka mbegu moja, bado inahitaji mwendo uleule wa polepole wa tanuri, na ufa mmoja tu unaokata kiunzi unaligawa duara lote la mkondo.

Kuhusu jenereta zenu, nitakuwa mkali kidogo: hapana. Sumaku hii ikizidi Kelvini 92 imekufa, na haifufuki mpaka uichaji upya. Kuichaji kunahitaji uga mkali kutoka nje. Wale wa Tesla 17 walihitaji sumaku ya maabara yenye nguvu zaidi ya hizo ili kuinasisha. Njia ya mkato ni pigo fupi la mkondo kutoka kwenye kapasita kubwa, ila mirija inayokimbia kuingia huchemsha kauri, na matokeo hushuka. Hiroyuki Fujishiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iwate, Japani, walipata Tesla 5.2 kwa njia hiyo mwaka 2006, na ilionekana mafanikio makubwa. Juu ya hayo kuna bili ya baridi. Kuondoa wati 1 ya joto kutoka Kelvini 77 kunadai karibu wati 3 hata kwa mashine isiyo na kasoro, na mashine halisi hula zaidi ya 10. Kwa jenereta ya kilowati chache hiyo ni hasara tupu. Nunua neodimiamu, itakuhudumia miaka mingi bila kukuomba baridi.

Zinakofaa ni pale ambapo uga mkali katika nafasi ndogo una thamani kuliko bili ya baridi: vifaa vidogo vya kuchunguza molekuli vya aina iliyojengwa katika taasisi ya utafiti ya RIKEN, Japani, kwa Tesla 4.7, mota za meli, ambazo Chuo Kikuu cha Bahari cha Tokyo kimezifanyia majaribio, na treni za kuelea za Chengdu, China, ingawa hizo zinatumia vidonge kunasa uga wa reli ya sumaku za kawaida, si kama sumaku zenyewe.

Darasani mnaweza, na ninyi wa Arumeru mna bahati. Kituo cha taifa cha uhimilishaji wa mifugo kiko Usa River, na mitungi ya nitrojeni ya kutunzia mbegu za ng'ombe huzunguka wilaya nzima. Zungumza na mhimilishaji wa eneo lenu. Kidonge kidogo cha kauri ya yitriamu cha kufundishia huuzwa mtandaoni. Chagua kilichoandikwa kuwa ni fuwele moja. Bakuli kateni kwenye boksi la povu la kubebea samaki. Madirisha yawe wazi, kwani lita moja ya nitrojeni hutoa karibu lita 700 za gesi na gesi hiyo husukuma hewa nje ya chumba. Vaeni miwani. Chombo kisifungwe kifuniko cha kukaza, na asiingize mtu kidole.

Usiishie kwenye kuelea. Weka sumaku ya neodimiamu juu ya kidonge kikiwa na joto la kawaida, mwagia nitrojeni, subiri kuchemka kutulie, kisha ondoa sumaku kwa koleo la mbao. Kidonge sasa ni sumaku. Sogeza pini za karatasi zikiwa zimefungwa kwenye uzi na muone zinavyovutwa. Halafu rudieni, safari hii kipozwe kwanza ndipo sumaku iletwe na kuondolewa. Pini zitavutwa hafifu zaidi, na hapo darasa litajadili ile mirija ya uga iliyochelewa kuingia. Mwenye simu yenye kipima uga aiweke mbali kiasi, nje ya bakuli, aandike usomaji dakika ya 1 na ya 10, na mkiwa na nitrojeni ya kuongezea, dakika ya 100. Mirija huponyoka polepole: kinachopotea kati ya usomaji wa kwanza na wa pili kinakaribiana na kinachopotea kati ya wa pili na wa tatu. Mkichora grafu kwa logi ya muda mtapata mstari ulionyooka, kama mkono wa mwandishi haukutikisa simu.

Mkimaliza, msikiache kidonge mezani. Kinapopata joto umande wa hewa hugandia juu yake, na maji hula bariamu iliyomo. Kikausheni kwa hewa ya vuguvugu, kikae kwenye kopo lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na mkibahatika kupewa kipande cha sponji, kikausheni kwa muda mrefu zaidi, maana maji yanaingia humo kwa urahisi uleule wa oksijeni.